Kuku wa Mlangoni na Besi la Ukutani

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kuongea, nasema zamani ya juzi ambayo mashahidi wake bado wanaimba kwaya, palikuwa na usharika mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Uliitwa Kyaruma. Endeleeni kumenya ndizi huku mnasikiliza, kwa maana machalari hayajipiki na hadithi yangu haizuii mikono.

Usharika wa Kyaruma ulikuwa na bendi ya matarumbeta. Bendi hiyo ilipiga harusini, ilipiga mazikoni, ilipiga Pasaka alfajiri hata majogoo wakaona aibu. Na kati ya matarumbeta yote lilikuwamo moja kubwa, lile linalomzunguka mpigaji kifuani hadi begani, tukaliita besi. Sauti ya besi huisikii kwa masikio tu, unaisikia tumboni.

Besi hilo halikuwa mali ya kanisa. Lilikuwa la marehemu Babu Aminieli, aliyelinunua mwenyewe kwa kahawa yake na kulipuliza mpaka alipolala. Alipolala, mjane wake, Bibi Eliaichi, alilitundika ukutani, na kila Jumamosi alilifuta vumbi akawapa wanabendi walitumie Jumapili. Wapulizaji wakapokezana, wengine wakajitahidi, wengine wakatoa sauti ya ndama, lakini besi lilikuwepo.

Halafu ikaja ile Sikukuu ya Mavuno.

Mnajua mavuno ya kwetu. Watu huja na mikungu ya ndizi, na maharage, na maziwa, na mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, na kuku. Ibada ikiisha, vitu hutolewa nje na kunadiwa, watu wakicheka na kushindana. Mnadi wetu siku zote alikuwa Mzee Nderingo, mzee wa kanisa, mtu mwenye kofia, kitambi na sauti. Na Mzee Nderingo alikuwa na sheria moja aliyojitungia mwenyewe: kilichowekwa mlangoni siku ya mavuno ni cha Bwana.

Sasa, wiki hiyo mama mmoja kijana aitwaye Foibe alikuwa amejifungua. Mume wake alikuwa kazini mbali, mama yake alikwisha fariki, na ndugu wa mume walikuwa na maneno mengi kuliko supu. Bibi Eliaichi alipokwenda kumwona alimwambia, "Mwanangu, usihangaike. Jumapili nikitoka kanisani nakuja na kuku. Nakuchinjia mwenyewe, nakupikia mwenyewe, nakaa mpaka umemaliza."

Jumapili akamtia tetea wake mwenye madoadoa kwenye kikapu, akafunga mfuniko kwa kamba ya mgomba. Lakini Bibi alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na huwezi kuimba sauti ya pili na kuku mapajani. Akakiacha kikapu wapi? Akakiacha mlangoni.

Kuku akachukuliwa. Kuku akanadiwa. Kuku akanunuliwa na kamati ya mapokezi, kwa kuwa mkuu wa jimbo alikuwa mgeni wetu siku hiyo. Kuku akachinjwa, kuku akapikwa, kuku akaliwa. Mkuu wa jimbo alikunywa supu akaomba aongezewe. Firigisi, ambayo kama mjuavyo haiendi kwa mtu hivihivi, ilimwendea Mzee Nderingo kwa kazi nzuri ya mnada. Na mimi nilikula shingo, sitaki kuwadanganya.

Jumapili iliyofuata Bibi Eliaichi hakuja kanisani. Tukasema, ni magoti. Jumapili ya pili hakuja. Tukasema, ni mvua. Mwezi ukapita, tukasema ni uzee, uzee una hasira zake. Wanabendi wakaenda kuchukua besi, Bibi akawatazama, akawaambia, "Besi la mume wangu liko ukutani. Sikuliweka mlangoni."

Wakarudi mikono mitupu, hawakuelewa. Mchungaji akaenda kumwombea, naye akaambiwa, "Asante kwa sala, Mchungaji. Sikuweka kitu mlangoni." Mchungaji akarudi, naye hakuelewa. Kila aliyekwenda kwa jina la kanisa aliambiwa hivyohivyo, na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu.

Bendi ikabaki bila besi. Kila wimbo ukifika pale chini, pale ambapo besi linatakiwa kuingia, palikuwa na shimo. Ikabidi wanabendi wainue miguu na kupiga ardhi: du, du, du. Wageni walidhani ndiyo mtindo wetu. Sisi tulijua ni umaskini. Miaka saba tulipiga mguu chini.

Katika miaka hiyo saba, mtu mmoja tu aliingia nyumbani kwa Bibi bila kufungiwa mlango. Huyo alikuwa Mama Apaikunda, jirani yake wa ng'ambo ya korongo. Kila Alhamisi Mama Apaikunda alishuka korongoni na kupanda tena na mzigo wa majani kichwani, majani ya ng'ombe wa Bibi. Aliingia, akatupa mzigo, akafagia zizi, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na za bei ya mbolea. Habari za kanisa hakuzitaja hata mara moja. Kila aliyeipita njia ile ya korongo aliikuta nyeupe, haina nyasi, kwa sababu ya miguu ya mwanamke mmoja, tena kila Alhamisi.

Tukamuuliza, "Apaikunda, hujamwambia arudi?"

Akasema, "Nimempelekea majani."

Basi mwaka wa saba, majuma machache kabla ya mavuno, Mchungaji akaja na wazo. Aliandika majina ya watu wote waliopotea kanisani, kila jina kwenye karatasi yake, akayatia kwenye kapu la sadaka. Akasema, "Safari hii hatutasubiri waje. Kila nyumba itachota jina moja, na jina utakalochota ndilo utakalokwenda kulitembelea. Usiende na hotuba. Nenda na miguu."

Watu wakachota. Mmoja akamchota mlevi, akafurahi kwa sababu walikuwa wakinywa pamoja zamani. Mwingine akamchota shemeji yake, akaomba abadilishiwe. Na Foibe, yule mzazi wa miaka saba iliyopita, ambaye mtoto wake sasa alikuwa shule, akatia mkono kapuni akatoa jina la Bibi Eliaichi.

Foibe akasema, "Huyu sendi."

Mchungaji akamwambia, "Mama, kapu halichagui."

"Na mimi nasema sendi."

Akakaa na kile kikaratasi siku tatu. Alikitia kwenye kabati, akakitoa. Alikitia chini ya Biblia, akakitoa. Siku ya nne hasira zikamzidi, akajifunga khanga kiunoni, akashika njia nyeupe ya korongoni. Hakwenda kumrudisha mtu, jamani. Foibe alikwenda kugombana.

"Hodi."

"Kama umetumwa na kanisa," Bibi alisema kutoka ndani, "sikuweka kitu mlangoni."

"Sikutumwa na kanisa, Bibi. Nimetumwa na tumbo langu. Supu yangu iko wapi?"

Kisha mlango ukafunguka, Bibi akasimama pale na fimbo yake.

"Usinitazame hivyo, Bibi, unajua ninachosema," Foibe akaendelea. "Nilijifungua Ijumaa, ukaniahidi Jumapili. Nilisikia kengele ya mwisho nikamwambia mtoto, tulia, anakuja. Nikateleka maji kabisa. Jua likazama, maji yakakauka. Nikanywa uji wa jana. Miaka saba nakukuta njiani nakuamkia shikamoo, na ndani ya shikamoo yangu hamna kitu."

Bibi Eliaichi akakaa kizingitini. Akasema yote. Namna alivyotoka na wenzake wa sauti ya pili akamwona tetea wake hewani, miguu juu kichwa chini, mkononi mwa Nderingo, na usharika mzima unapiga makofi.

"Ningesema nini, mwanangu? Niseme nirudishieni, ni wangu? Wangesema mjane wa Aminieli anamnyang'anya Mungu kuku. Nikameza mate. Na wewe ningekuambia nini, kwamba kanisa limekunywa supu yako? Niliona aibu. Nikapita njia ya bondeni ili nisipite kwako. Na aibu ukishaipitishia bondeni mara moja, kila siku inataka njia hiyohiyo."

Foibe naye akakaa kizingitini. Wakalia, kwanza kila mtu kivyake, halafu pamoja. Halafu Foibe akafuta macho akauliza, "Kwa hiyo supu yangu aliinywa mkuu wa jimbo?"

"Nasikia aliomba aongezewe."

Foibe akaangua kicheko, Bibi naye akafuata, wakacheka mpaka ng'ombe akalia ndani. Lakini Bibi alipomaliza kucheka alisema, "Wewe nimekueleza kwa sababu nina deni lako la supu. Kanisani sirudi. Aliyeninadia kuku hajui hata kwamba alinikosea, na mimi siwezi kumsamehe mtu asiyejua."

Jumuiya yetu ilikutana Jumanne. Zaburi ikasomwa, chai ikamiminwa, na Foibe, ambaye siri kwake haikai hata chai ipoe, akasimama akasema yote. Kuku ni wa nani, kikapu kiliwekwa kwa nini, supu ilikuwa ya nani. Watu wote wakageuka wakamtazama Mzee Nderingo.

Sasa niwaambieni kidogo juu ya Mzee Nderingo. Mtu yule hakuwahi kusema neno nimekosea. Siku moja alikuja kanisani amevaa viatu viwili tofauti, akasema hivi vya leo ndivyo vinavyovaliwa. Basi tukasubiri atajiteteaje.

Akasema, "Kilichowekwa mlangoni siku ya mavuno..." Akakwama. Akajaribu tena. "Kilichowekwa mlangoni..." Akaishika kofia yake, akatoka nje bila kuaga, na chai yake ikabaki mezani.

Asubuhi ya Jumatano alikata jani la isale kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani. Isale mnalijua, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu mtu aliyekosa hufunga fundo kwenye jani la isale akampelekea aliyemkosea, na isale halikataliwi. Ukilikataa, hukumkataa mtu mmoja, umewakataa wote, waliopo na waliolala. Nderingo akafunga fundo, akavaa koti la ibada, akashika njia ya korongoni.

Bibi alimwona kupitia ufa wa dirisha. Akaliona na jani pia, kwa mbali, akageuka haraka akafumba macho. Akajiambia, isale usiloliona hujalikataa. Akafunga mlango, akaketi ndani ameupa mlango mgongo.

"Eliaichi," Nderingo akaita. "Mama, nimekuja." Mlango haukufunguka. Mnadi mkubwa wa Kyaruma, mtu wa kuuza yai moja kwa maneno mia, alikaa uani kwa Bibi kutwa nzima na maneno yamemwishia. Jioni akarudi kwake. Asubuhi akaja tena na jani jipya, kwa sababu la jana lilikuwa limenyauka.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mama Apaikunda akapanda kutoka korongoni na mzigo wake wa majani. Akamkuta Nderingo amesimama uani. Hakumuuliza kitu. Nyumba ya Bibi ni ya kizamani, ng'ombe analala upande mmoja na mtu upande mwingine, na mlango ni huohuo mmoja. Apaikunda akabisha, Bibi akaisikia sauti anayoijua, akafungua huku macho yanatazama chini. Apaikunda akataka kuingia na mzigo, na mzigo ukakwama mlangoni. Miaka saba haukuwahi kukwama. Siku hiyo ulikwama. Kama ni mkono wa Mungu au ni kiuno cha Apaikunda, mimi sijui. Akautua palepale kizingitini, akasema anakwenda kutafuta kamba, akapotelea nyuma ya nyumba.

Mlango haufungiki. Bibi akauvuta, akausukuma. Akainua macho, na hapo ng'ambo ya mzigo, Mzee Nderingo ameinua isale juu kwa mikono miwili, kofia iko chini.

"Kuku alikuwa wako," akasema. "Niliuza kisichokuwa changu kwa jina la Bwana, na firigisi nilikula mimi. Nimekosea. Nisamehe."

Bibi akaita, "Apaikunda, miaka saba nakufungulia, leo ndiyo unanifanyia hivi?"

Kutoka nyuma ya nyumba Apaikunda akajibu, "Bibi, mimi nimeleta majani tu."

Bibi Eliaichi akanyoosha mkono juu ya mzigo, akalipokea isale. Kisha akasema, "Nimelipokea. Lakini uliniuzia mbele za watu, Nderingo. Maneno haya uyaseme tena mbele za watu, na kwa sauti ileile ya mnada."

Ikafika Jumapili ya mavuno, na Bibi Eliaichi akaja. Wapendwa, siku ile msiniulize mahubiri yalihusu nini. Ibada ilipoisha Mzee Nderingo alipanda juu ya meza ya mnada, akavua kofia, akapaza sauti ile tunayoijua. "Mabibi na mabwana, cha kwanza leo ni kosa langu. Lina miaka saba. Limenona. Nani ananisaidia kulibeba?" Akasema yote bila kupunguza, kikapu na kamba na firigisi. Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti, na katikati ya kicheko walikuwa wanalia. Mchungaji akasema waliomla kuku yule wainue mikono. Wazee tisa wakainua, na mimi na shingo yangu nikainua. Na Mzee Nderingo akatoa kikapu chenye tetea mwenye madoadoa, akashuka, akainama kukiweka mlangoni, na usharika mzima kwa sauti moja ukasema, "Si hapo mlangoni, mzee." Akakikabidhi mkononi mwa Bibi.

Mchana uleule Foibe alikunywa supu yake nyuma ya kanisa, imepikwa na Bibi mwenyewe, na Bibi alikaa mpaka alipomaliza kama alivyoahidi. Mtoto wa Foibe alimalizia sufuria.

Na besi je? Hapo ndipo penyewe. Bibi hakuja mikono mitupu. Alikuja na besi, limesuguliwa mpaka unaona meno yako ndani yake. Akaliweka juu ya meza ya mnada akasema, "Mimi meno ya mbele yamekwisha, na besi linataka meno. Wala silirudishi kwenye zamu, kila wiki mdomo mwingine. Besi lina mpulizaji mmoja. Mume wangu alilipuliza yeye, na sasa nampa mtu mmoja awe wake mpaka alale. Nampa yule aliyenirudisha."

Watu wakapiga vigelegele. Kisha vigelegele vikapungua, kwa sababu watu watatu walikuwa wamesogea mezani.

Mzee Nderingo akasema, "Mimi ndiye. Kosa lilikuwa langu, sikatai, mmelicheka wenyewe. Lakini Bibi alikwisha mwambia Foibe kwamba harudi. Alikwisha kunywa chai na Apaikunda miaka saba, na hakurudi. Kilichomleta hapa ni neno nisamehe, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu, ambamo halikuwahi kupita. Mnajua lilinikwaruza kiasi gani? Halafu nimesimama kushoto kwa Aminieli miaka thelathini na katarumbeta kadogo, namtazama mashavu. Hakuna anayelitamani besi hili kama mimi."

Foibe akasema, "Aliyekuvunjia mtungi akikuletea gundi umpe na zawadi? Basi Jumapili ijayo naiba kengele, niirudishe Jumatatu, mnipe mnara. Miaka saba mmesema ni magoti, ni mvua, ni uzee. Nani alimuuliza? Mimi. Bila swali langu Mzee Nderingo angekuwa bado anatembea na firigisi yake tumboni kwa amani. Na kitu kingine nitakisema. Tangu nije kuolewa hapa, kila kinachogawiwa kanisani kinaishia kabla ya kunifikia. Kupuliza sijui, lakini nikiita mbuzi ng'ambo ya korongo wanageuka. Mapafu ninayo."

Mzee Nderingo akamwambia, "Lakini ulikwenda kugombana, mwanangu. Hukumtafuta Bibi, ulitafuta supu."

"Na nikampata Bibi," Foibe akasema.

Mama Apaikunda ikabidi wanawake wamsukume ndipo aanze. Akasema, "Mimi sikwenda kumrudisha mtu. Nilikwenda kwa sababu ng'ombe anakula. Lakini mkiniuliza kama nalitaka, nalitaka. Nilipokuwa msichana Babu Aminieli alinipulizisha besi hili nyuma ya zizi, akasema nina mdomo wa besi. Wazee wakasema msichana apige kayamba. Nikapiga kayamba. Sasa semeni wenyewe. Foibe alipita njia gani kwenda kuuliza? Isale lilipita njia gani? Na ule mlango ulifunguliwa kwa sauti ya nani?"

Watu wakasema, "Kweli." Lakini Foibe akamgeukia, na hakuwa na ubaya usoni. "Mama Apaikunda, wewe ulikuwa unaingia ndani. Ulikuwa unakunywa chai. Ungemuuliza mwaka wa kwanza, Bibi angekaa peke yake miaka sita yote hii?"

Apaikunda akainama. Akasema, "Ningemuuliza mwaka wa kwanza, angenifungia na mimi. Halafu ng'ombe angekula nini?"

Usharika ukagawanyika pale pale. Umoja wa wanawake wakasimama na Apaikunda. Vijana wakasimama na Foibe. Wazee wakasimama na Nderingo, tena wale tisa wa mikono juu ndio walisimama wa kwanza. Mchungaji akatazama saa yake, akatazama mlima, akasema kwamba masuala ya matarumbeta hayamo kwenye katiba ya usharika. Wakamgeukia Bibi Eliaichi.

Bibi akacheka, pengo lote wazi. "Mimi? Mimi nimerudi kwa miguu yangu. Nimekaa ndani miaka saba, sijui yaliyokuwa yakitendeka nje ya mlango. Ninyi mliokuwa nje ndio mseme."

Na hapo kiongozi wa bendi, ambaye alikuwa amechoka kusubiri na anataka kula, akainua mkono. Bendi ikaanza wimbo wa mavuno. Matarumbeta madogo yakapanda, ngoma ikafuata, wanawake wakaanza kucheza na vikapu vyao, na wimbo ukawa unashuka, unashuka, unakwenda kule chini kwenye lile shimo la miaka saba. Kwa mazoea wanabendi wote wakainua miguu ili wapige ardhi. Kiongozi akawatikisia kichwa: leo hapana. Besi limekaa mezani linang'aa. Nderingo ameshika kofia. Foibe amejaza pumzi. Apaikunda anajilamba midomo. Bibi anawatazama wote watatu na macho yamemjaa machozi ya furaha, na imebaki pumzi moja tu besi liingie.

Mikono yenu imeacha kumenya, nimeona. Basi nijibuni kabla miguu haijashuka: kati ya aliyeiweka njia nyeupe, aliyeuliza swali, na aliyeomba radhi, je, nani alistahili kulipuliza?